Nani Ameonja Dawa Hii

Kitu cha kwanza ambacho Pélagie alimwonea wivu Hajati Jaliah kilikuwa mkono wake wa kulia. Haukuwa mkono wa kutamanisha. Ulikuwa mnene, kucha zake zina hina iliyopauka, na kidole gumba kimepinda kwa miaka mingi ya kushika makasi ya kukatia vitenge. Lakini mbele ya mkono huo Noella, mtoto wa pekee aliyembakia Pélagie, alikubali kumeza dawa. Mbele ya mkono wa mama yake aliuma meno.

Mama na binti walikuwa wametoka upande wa Rutshuru, Kongo, mwishoni mwa mwaka 2008, wakapewa kiwanja Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kando ya ziwa. Baba hakuwa nao. Alikuwa amekufa miaka mitatu kabla ya vita kuwafukuza, baada ya kunywa pombe kwenye harusi ya jirani. Alirudi nyumbani ameshika tumbo, na jua la siku ya pili hakuliona. Wengine walisema sumu, wengine walisema tumbo tu. Noella alikuwa na miaka kumi, na ndiye aliyekuwa akimpelekea baba yake maji.

Ugonjwa wa Noella wenyewe ulikuja kwa sura ya furaha. Mwaka wao wa kwanza Nakivale, msichana akiwa na miaka kumi na minne, aliacha kulala. Alifagia ua wake na nyua za majirani sita. Aliimba mpaka sauti ikakauka. Maharagwe ya posho ya mwezi mzima aliyagawa kwa wapita njia, huku akisema yeye ndiye amepewa ufunguo wa ziwa. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Baada ya wiki tatu furaha ikamwangusha kama mtu anavyotupa mzigo. Akageukia ukuta, hakuoga, hakuchana nywele, hakuuliza hata leo ni siku gani. Mchungaji aliomba, wanawake wakafunga kula, na mwishowe muuguzi wa makazi akaandika karatasi ya kwenda Mbarara.

Daktari wa Mbarara alieleza polepole. Kuna ugonjwa unaompandisha mtu na kumshusha. Dawa yake ni ya kila siku, asubuhi na jioni, na isikatwe hata mtoto akionekana mzima.

"Hasa akionekana mzima," aliongeza.

Pélagie aliitikia kila neno. Hakujua bado kwamba kazi ngumu haikuwa kuipata dawa. Noella aliitazama, akamtazama mama yake, akafunga kinywa. Alipobembelezwa alilia. Alipokemewa alinyamaza. Pélagie akaanza kuificha. Aliitwanga na kuichanganya na uji, akaichomeka ndani ya ndizi mbivu. Siku Noella alipoipasua ndizi kwa vidole na kukuta kipande cheupe katikati, aliiweka chini taratibu kama mtu anayeweka yai, na tangu siku hiyo hakula tena chakula kilichopikwa na mama yake bila kukichambua.

Hali ilikuwa hiyo walipokwenda kliniki mara ya pili. Pélagie alimwacha binti kwenye benchi, akaenda kupanga foleni ya faili. Aliporudi alimkuta ameketi na mwanamke mmoja mnene wa Kiislamu aliyekuja kwa shida ya presha. Kikombe cha maji kilikuwa mkononi mwa Noella. Karatasi ya dawa ilikuwa tupu.

"Amemeza?" Pélagie aliuliza.

"Amemeza."

"Umemufanya nini?"

"Sijamfanya kitu, mama. Nimemwambia meza, akameza. Mtoto mzuri huyu, hana maneno."

Hana maneno! Miezi miwili ya machozi, na mtu baki anasema hana maneno. Pélagie alishukuru kwa mdomo, na ndani yake kitu kikakaa kama mchanga kwenye wali.

Mwanamke huyo ndiye Jaliah. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyehamia kutoka Bukoba, na yeye alizaliwa Mbarara na kuuza vitenge Mbarara. Watu walimwita Hajati, ingawa Makka hakuwahi kufika. "Nilifika Kampala nikarudi na kilemba," alisema mwenyewe, "wakanipa cheo." Mume alikuwa amekufa. Watoto Mungu hakumpa.

Daktari alitaka Noella awe karibu kwa wiki kadhaa, dawa ipimwe inamkaaje. Kutoka Rubondo hadi Mbarara ni safari ya kumaliza siku na nguvu. Pélagie alikuwa bado anafikiri wapi pa kumweka, Jaliah akasema, "Kwangu ni hapo Ruharo, chumba kipo. Akae."

Noella akasema, "Ndiyo," kabla mama hajafungua mdomo.

Basi Pélagie akawa mgeni wa mtoto wake. Kila baada ya wiki mbili alipanda gari hadi mjini, na kila alipofika alimkuta Noella amesogea mbali kidogo, ingawa alikuwa anapona. Au kwa sababu alikuwa anapona. Nywele zilisukwa mtindo asioujua. Mashavu yalijaa. Kila jambo lilianza na "Hajati amesema." Hajati amesema chai isichemke sana. Hajati amesema kitambaa kikatwe kwa kufuata uzi. Siku moja Pélagie aliuliza, "Munauzia vitenge fasi gani?" na Noella akajibu bila ubaya wowote, "Mama, si fasi. Ni mahali."

Safari ya tatu alibeba kuku. Mtu hafiki mikono mitupu kwa anayemlelea mtoto. Aliketi kwenye kigoda dukani, kuku mapajani, akingoja Jaliah amalize na mteja, mke wa askari kutoka kambini, aliyeitwa Mackline. Mackline alimpima Noella kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni.

"Hajati, mtoto yako amenona! Hata pua ni yako kabisa."

Jaliah akacheka, akaendelea kukata. Hakusema ndiyo, hakusema siyo.

Mackline akageuka. "Na wewe mama, kuku ni ngapi?"

"Haiuzwe," Pélagie alisema.

"Eh! Sasa umeleta ya kuonyesha?"

Wakacheka wote, hata Noella. Pélagie alimshika kuku kwa nguvu hadi akalia. Kuna msemo kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, naye alirudi Nakivale akiurudia njia nzima, kituo kwa kituo. Huyu hajazaa. Anajua nini? Ana nini kwenye ule mkono?

Alilipata jibu safari iliyofuata. Alidandia lori la matoke lililopita alfajiri, akafika Ruharo wakati wa chai. Pazia la mlango lilikuwa limefungwa nusu. Aliwaona wawili wameketi mkekani, kikombe kimoja kati yao. Jaliah alifungua pindo la kanga yake, akatoa vidonge viwili.

"Bismillahi," alisema, akavitupa kinywani, akanywa maji, akafungua kinywa wazi. "Aaa! Umeona? Vimekwenda. Haya, zamu yako."

Noella akacheka, akameza chake, akatoa ulimi. "Aaa!"

Pélagie alishika fremu ya mlango. Kwao hakuna anayekupa pombe bila kuinywa yeye kwanza mbele ya macho yako. Hata mama mkwe huonja maziwa kabla ya kumpa mkwe wake. Usipoonja, umesema neno baya bila kulisema. Na yeye, mtoto wa nchi hiyo, aliyemzika mume kwa sababu ya kikombe ambacho pengine hakikuonjwa, alikuwa amemletea mwanawe dawa mkononi bila kuigusa kwa ulimi. Kisha akaificha ndani ya ndizi, kama mtu wa sumu anavyoficha.

Mtu mwingine angeingia akampigia magoti Jaliah. Pélagie aliona ameibiwa. Yule mwanamke alikuwa amechukua desturi ya kwao, hata jina lake halijui, akamvutia nayo mtoto.

Naye sasa alikuwa ameijua siri.

Juma hilo hilo akapata sababu. Makazini kulikuwa na kuhakiki kadi za posho, na kila jina lililoandikwa kwenye kadi lilipaswa kusimama lenyewe mbele ya meza. Asiyeonekana hukatwa. Hilo lilikuwa kweli. Alilosema baadaye halikuwa kweli.

"Nitamurudisha juma ya pili, Hajati."

Jaliah aliweka dawa za mwezi mzima kwenye kopo la maziwa ya unga, akalikaza kifuniko. "Mama Noella, naomba jambo moja. Ameze mbele ya mtu."

"Miye ni mutu," Pélagie alisema.

Asubuhi ya kwanza nyumbani aliketi sakafuni, akamwita Noella, akafungua kopo. Alitoa vidonge viwili. Kimoja akakiweka kwenye kiganja cha binti. Kingine akakimeza mwenyewe, akafungua kinywa. "Aaa!"

Noella alichungulia kinywani mwake. Kisha akameza.

Pélagie alitoka nje akajifanya anatafuta kuni, ili alie kwa furaha pasipo mtu. Ameonja, mtoto amekunywa! Hakuhitaji mtu wa Ruharo. Jioni akaonja tena, na kesho yake, asubuhi na jioni. Dawa ilikuwa kali kwa mtu asiye na ugonjwa wake. Miguu ilimlegea kama imejazwa uji. Alisinzia shambani ameegemea jembe. Sufuria ya maharagwe iliungua akiwa ameketi kando yake macho wazi.

"Mama Noella," alipaza sauti jirani yake, Nyirabizimana, "iyo kasiksi unakunywa peke yako, siye majirani tulikukosea nini?"

"Sikunywe pombe miye."

"Basi hata nyumba inacheza. Nakuona unaishika ukuta isianguke."

Alicheka pamoja naye. Hata kulewa kule alikuona kutamu. Nani mwingine angefanya hivi kwa ajili ya Noella? Jaliah alimeza vidonge gani, kama si vya kujionyesha?

Siku ya kumi na nne kopo lilipotikiswa lilitoa sauti nyembamba. Pélagie alilifungua, akatazama chini, akaelewa jambo ambalo mtu yeyote asiye na wivu angelielewa tangu mwanzo. Chakula cha mtu mmoja kilikuwa kimeliwa na wawili. Kwenda Mbarara kabla ya tarehe ni kuulizwa zimekwenda wapi. Muuguzi angemuuliza, na Jaliah angesikia. Hilo hakuliweza.

Akatafuta njia. Alikiweka kidonge chini ya ulimi, akanywa maji, akafungua kinywa haraka na kukifunga. Noella alipotoka, alikitoa, akakifuta kwa pindo la kitenge, akakirudisha koponi. Zilipita siku mbili. Siku ya tatu Noella hakutoka.

"Fungua mudomo, mama."

"Nimefungua."

"Inua lulimi."

Pélagie hakuinua. Binti akapeleka kidole mwenyewe, polepole, akakitoa kidonge kilichoanza kuyeyuka. Akakishika hewani kati yao.

"Weye yako unabakisha," alisema. "Yangu inaingia."

"Noella, sikiliza..."

"Baba naye, ni nani alionja yake?"

Tangu hapo Noella hakumeza tena, ingawa Pélagie alimwapia kwa majina yote ya watakatifu anaowajua. Siku ya nane ile furaha ikarudi. Saa sita mchana, jua kali, mwendesha bodaboda aitwaye Nestor alimleta Noella amefungwa ndani ya koti lake la mvua. Alikuwa amemkuta njia ya Rugaaga, akiwagawia wachungaji wa ng'ombe nguo zake, moja baada ya nyingine, hadi akabakiwa na sketi ya ndani.

"Mama, huyu wako anasema anaenda kufungua bahari," Nestor alisema, akitazama pembeni kwa heshima. "Mimi nimesema naye, sawa, lakini tuanzie nyumbani."

"Nestor, utupeleke gari linapopatikana. Tunaenda Mbarara."

Mlangoni pa Jaliah alisimama na binti aliyekuwa akiimba. Jaliah alimpokea Noella kwanza, akamketisha, akamfunga kanga kichwani, ndipo akalipokea kopo la dawa kutoka kwa mama, akalitikisa.

"Dawa zimeishaje? Nilifungasha za mwezi."

Pélagie alitazama miguu yake, yenye vumbi hadi magotini.

"Nilizikula miye."

"Umezikula?"

"Nilionja. Kama weye unavyoonja, asubuhi. Nilikuona kwa pazia."

Kicheko kikamtoka Jaliah, kikubwa, hadi akakohoa, na kicheko kikakatika katikati. "Mimi naonja? Bibi wee, mimi nina presha! Vile ni vidonge vyangu. Mwaka mzima nilikuwa navisahau, mpaka nikaanguka dukani. Huyu mtoto ndiye anayenikumbusha. Mimi nameza kwa sababu yake!"

Pélagie hakujua kama aketi au akimbie. Alikuwa amedhani mwenzake ana ujuzi. Kumbe walikuwa na kitu kikubwa kuliko ujuzi: walihitajiana.

"Ungeniambia," Jaliah alisema kwa sauti ya chini. "Ungeniambia tu, Mama Noella."

"Ningekuambia nini? Ya kama mutoto wangu ananiogopa?"

Jaliah alichota maji ampe anywe, na kabla ya kumpa alisita, akayanywa kidogo mwenyewe. Pélagie aliona. Aliyapokea kwa mikono miwili.

Noella alihitaji miezi miwili kurudi chini. Siku daktari aliposema sasa anaweza kwenda nyumbani, Pélagie alikuwa amekuja na mfuko mtupu wa kubebea nguo zake. Alimwona binti na Jaliah wakifungua kinywa mmoja kwa mwenzake, aaa, aaa. Akaukunja ule mfuko mara nne, akauweka kwapani.

"Abaki," alisema. "Nitakuwa nakuja."

Alikuja kwa miaka minne. Wivu haukumtoka, asidanganywe mtu. Ulikaa kama kijiwe ndani ya kiatu cha pekee ulichonacho, na alitembea nacho. Noella alimaliza shule ya msingi akiwa mkubwa kuliko wenzake, akajifunza kushona, akawa mtu wa kusema leo nimeamka vibaya, na kesho akaamka vizuri. Pélagie alileta kuku. Mackline alizoea kumwita "Mama Kuku," na siku moja Jaliah alimkatiza mbele ya duka zima: "Huyu ndiye mama yake. Mimi ni mtu wa dukani tu." Pélagie alilibeba neno hilo hadi Nakivale, akalitazama mara nyingi, akatafuta kasoro ndani yake, na hakuiona.

Mwaka 2013 Jaliah alianguka dukani, makasi mkononi, na safari hii hakuinuka. Pélagie alipofika Ruharo walikuwa wameshamzika, maana Waislamu hawacheleweshi kuzika. Alimkuta Noella kati ya wanawake mkekani, kanga kichwani, analia bila sauti, mabega tu. Wanawake waliingia na kumshika mkono. "Pole kwa mama, mwanangu. Mungu amrehemu mama."

Pélagie, ameketi hatua mbili kutoka hapo, aliitikia amina pamoja na wengine.

Alimtazama binti yake na wazo likamjia, na alilionea aibu hata lilipokuwa bado linakuja: siku yangu, atanililia hivi? Alimwonea wivu marehemu kaburini mwake. Kisha, chini ya wivu, hofu ikatoa kichwa. Kikombe kilikuwa pembeni mwa chumba, kimegeuzwa. Kopo la dawa lilikuwa juu ya kabati, halijaguswa tangu siku ya msiba.

Siku mbili Noella hakumeza. Pélagie hakumlazimisha. Asubuhi ya tatu, wageni walipokuwa bado wachache, alilishusha kopo, akachota maji kwenye mtungi wa Jaliah, akaketi mkekani mahali ambapo kwa miaka minne hakuwahi kuketi. Akaweka kidonge kimoja kwenye kiganja cha Noella. Akatoa cha pili.

Noella akaushika mkono wake. "Hapana, mama. Utaunguza tena sufuria."

"Basi nifanye nini? Presha sina miye."

Noella karibu acheke, macho yakiwa bado mekundu. Alikirudisha kidonge cha pili koponi, akafunga kifuniko.

"Onja maji."

"Maji tu?"

"Maji tu. Sumu haiko, mama. Najua kitambo."

"Sasa siku mbili hukumeza kwa nini?"

Msichana alikitazama kile kidonge cheupe kama anakisoma. "Nilikuwa nangojea mutu," alisema. Akasema mutu, kama kwao.

Pélagie aliinua kikombe. Jaliah alikuwa na tabia ya kuufukiza mtungi kwa udi, kama alivyofundishwa na baba yake, na maji yalikuwa bado na harufu hiyo. Hata maji ya nyumba hii yalikuwa ya Jaliah. Pélagie aliyaonea wivu, akayanywa, akampa mwanawe.

Noella alimeza. Akafungua kinywa, akatoa ulimi, na Pélagie akainama akaangalia hadi chini yake.